Samaki-taa wa Ghuba ya Omani

Salma mwenzangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Maskati. Barua yako imefika, na nimefurahi mno kusikia umepata nafasi kwenye meli ya utafiti. Umeniuliza habari za samaki-taa na namna ya kuwahifadhi, basi nakuandikia yale yatakayokufaa huko baharini.

Mtakayemkuta kwa wingi ni Benthosema pterotum. Ukubwa wake ni wa dagaa tu: wengi wana sentimita 4 hadi 5, akikua sana hufika 7. Ana macho makubwa, na tumboni na ubavuni amepangiwa vitone kama shanga zilizotungwa. Hivyo ndivyo vitoa-mwanga vyake, fotofori. Kitazame kimoja kwa lenzi. Utaona kikombe kidogo chenye weusi kwa nje ili mwanga usivujie mwilini, utando unaong'aa kama kioo, kisha chembe zinazowaka, na juu yake gamba lililonenepa likawa lenzi. Mwanga wenyewe ni wa buluu. Hafugi bakteria wa kumwakia kama wafanyavyo samaki wengine. Huutoa kwa kemikali za mwili wake, na neva ndizo zinazouwasha na kuuzima.

Watu hudhani anajimulikia njia. Sivyo. Mchana hukaa kiasi cha mita 200 hadi 300, na mwanga hafifu bado unashuka kutoka juu. Samaki anayeelea hapo humwonekania adui aliye chini kama kivuli. Huyu huwasha tumbo kwa kadiri ileile ya mwanga wa juu, kivuli kikafutika. Taa za mkiani ni habari nyingine: kwa samaki-taa wengi, dume ana tezi ya mwanga juu ya shina la mkia na jike chini yake, kwa hiyo anzia hapo unapotaka kujua jinsia.

Kina hicho cha mchana kina siri nyingine. Katika Ghuba ya Omani maji ya huko yana oksijeni kidogo sana, na wawindaji wengi hawawezi kukaa. Yeye huvumilia. Ikiingia magharibi kundi zima hupanda hadi karibu na uso wa bahari kula kopepodi, vijidudu vya baharini vya jamii ya kamba, alfajiri likashuka tena. Mwezi ukiwa mpevu, samaki-taa wengi hawapandi juu kabisa. Wavuvi wetu wa dagaa nao huuhesabu mwezi kabla ya kushusha taa zao, basi nawe andika umri wa mwezi kwenye kila fomu, pamoja na saa na kina. Bila hayo matatu, kilo ulizopata hazina maana.

Kwenye sona, chombo cha kupimia kwa mwangwi wa sauti, utamwona kama tabaka nene, maana kibofu chake cha hewa hurudisha mwangwi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili tabaka kama hilo liliwadanganya wapimaji wakadhani ni sakafu ya bahari. Pitisha wavu ndani ya tabaka lenyewe. Macho ya mfuko wa mwisho yasizidi milimita 10, la sivyo watapenya. Wala msiburute muda mrefu: nusu saa yatosha. Wakisuguana sana magamba hutoka na ngozi kuchubuka, fotofori zikaenda nazo, na spishi hutambuliwa kwa kuhesabu fotofori na kuangalia mpangilio wake. Jamaa yake, Benthosema fibulatum, anapatikana bahari hiyohiyo, kwa hiyo samaki aliyechubuka ni wa kutilia shaka.

Wagawe mafungu mawili mara tu wavu unapopanda, maana tumbo lililojaa kopepodi huoza upesi kwenye joto la huko. Wa kuangaliwa umbo watie kwenye formalini, dawa ya kuzuia kuoza: sehemu 1 ya formalini ya dukani kwa sehemu 9 za maji ya bahari, na boraksi ya kuzuia asidi ndani yake. Wa kupimwa umri watie kwenye alkoholi, kamwe si formalini, kwani ikigeuka asidi huyeyusha vijiwe vya sikio, navyo ndivyo vyenye pete za umri. Lebo iandikwe kwa penseli na iwekwe ndani ya chupa.

Umri nausisitiza kwa sababu samaki huyu haishi hata mwaka mmoja. Meli ya Norway, Dr. Fridtjof Nansen, ilipopima Bahari ya Arabu mwaka 1975 na 1976 ilikuta wingi wa kushangaza, na tangu hapo wako wanaomtamani kwa unga wa samaki. Lakini wingi wa mwaka jana ni wa samaki waliokwisha kufa. Jodari, ngisi na pomboo wanamtegemea huyu wa mwaka huu.

Mkirudi bandarini niandikie mlimkuta kina gani mchana, na oksijeni ilikuwa kiasi gani hapo.

Wako,
Mwanaisha