Albamu ya The Byrds isihukumiwe kwa nafasi ya 77

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu mwandishi wa safu ya muziki aliyedai kwamba “Sweetheart of the Rodeo”, albamu ambayo bendi ya The Byrds ya Marekani iliitoa mwezi Agosti 1968, ni kazi iliyoshindwa kwa kuwa haikupita nafasi ya 77 katika orodha ya albamu zinazouzwa zaidi ya jarida la Billboard la Marekani. Nafasi hiyo ni ya kweli, ila hukumu aliyoijenga juu yake siikubali.

Bendi hiyo ilikuwa imejipatia jina kwa muziki wa roki. Mwimbaji Gram Parsons alipojiunga nayo mapema mwaka 1968, walikwenda Nashville, kitovu cha muziki wa kantri, kurekodi kantri, na mwezi Machi waliposimama katika jukwaa la Grand Ole Opry, onyesho maarufu la kantri la mji huo, baadhi ya wasikilizaji waliwazomea vijana hao wenye nywele ndefu. Albamu ilipotoka, mashabiki wengi wa roki nao hawakuipokea, ikawa kama mtoto aliyekataliwa kwa baba na kwa mama pia. Isitoshe, mvutano wa mikataba ulifanya sauti ya Parsons iondolewe katika baadhi ya nyimbo na kiongozi wa bendi, Roger McGuinn, aziimbe upya, kwa hiyo walioinunua mwaka huo hawakuisikia kama ilivyokusudiwa.

Sisi wa Bonde la Ufa hatuna haja ya kuazima masikio ya Wamarekani wa mwaka 1968. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki wa Afrika, Hugh Tracey, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha, jina walilompa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri waliyemjua kupitia santuri, na sidhani kama kuna aliyewauliza Rodgers alishika nafasi ya ngapi kwao. Hapa Nakuru nimelelewa katika nyumba ambamo redio ilituimbia Jim Reeves na Don Williams, na nilipoisikiliza albamu hii kwa mara ya kwanza, gitaa lile la pedali, linalolia kama mtu anayezuia machozi, halikuwa geni kwangu. Mmoja wa waliolipiga ni Lloyd Green, ambaye baadaye alimpigia Don Williams huyo huyo tunayempenda.

Liko pia jambo ambalo msomaji wa Afrika angestahili kuambiwa. Mwezi Julai 1968, kabla albamu haijatoka, Parsons alikataa kwenda Afrika Kusini na wenzake, akitaja ubaguzi wa rangi, akaiacha bendi. Mwenzake Chris Hillman alitilia shaka sababu hiyo, lakini safari ilifanyika bila Parsons.

Namwomba mwandishi wako azisikilize nyimbo zote 11, pamoja na zile zilizorejeshewa sauti ya Parsons katika matoleo ya baadaye, kisha atuandikie alichokisikia.

Msomaji wako,
Nakuru