Mama Mapacha, wasipige Windows kwanza

Kamwene Mama Mapacha,

Habari za huko Njombe, mapacha hawajambo? Huku Uyole baridi ya mwezi wa saba imekaza kwelikweli, najua kwenu ni zaidi. Meseji yako nimeisoma na nilivyofika pale uliposema fundi anataka kupiga Windows upya kwenye laptopu kwa sababu intaneti haifunguki, roho ikanidunda, nikaona bora nikuandikie yote humu maana tukiongea kwa simu utasahau nusu.

Kwanza kabisa naomba uchukue flashi leo hii uhamishie lile daftari la kikundi, kilo za kila mkulima, nani kaleta parachichi za Hass kiasi gani, nani kalipwa nani bado. Kuhamisha faili hakuhitaji intaneti. Fundi akipiga Windows bila kuhamisha vitu kwanza, vya Desktop na Documents vinaweza kwenda vyote, na wale wakulima watakudai wewe sio fundi. Hilo ndo linaloniuma, maana kwa jinsi ulivyoeleza sioni dalili kwamba Windows imekufa.

Unasema waifai inashika, mistari imejaa, ila ukifungua saiti yoyote inazunguka tu mpaka inagoma. Sasa ile mistari inakuambia kitu kimoja tu, laptopu na ruta wanasikizana. Haisemi kama ruta yenyewe inatoka nje, wala haisemi kama laptopu inajua iende wapi. Kwa hiyo tunatafuta pale palipokatika.

Umesema simu yako inafungua vizuri kwenye waifai hiyohiyo. Sawa, ila zima data ya simu kwanza halafu ujaribu tena, kwa sababu simu nyingi zikiona waifai haina intaneti zinarudi kimyakimya kwenye bando lako na we unadhani ni waifai. Ikigoma ukiwa umezima data, basi laptopu haina kosa, angalia bando la ruta au izime ruta kabisa, subiri kidogo, uiwashe. Ikifungua, endelea na laptopu.

Angalia tarehe pale chini kulia. Usipuuze hii! Kuna mwalimu aliniletea yake hapa steshenari, kila saiti inamwambia sio salama, na mtu alishamwambia ni virusi, kuangalia tarehe inasoma 2015. Saiti karibu zote siku hizi zinaonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, sasa laptopu ikiwa inaishi 2015 inaona cheti bado hakijaanza kazi, inakataa. Tukaweka tarehe sawa zikafunguka hapohapo. Ikawa kila akizima inarudi nyuma tena, kumbe betri ndogo ya duara iliyoko ndani, ile ya CR2032, imeisha. Tukabadilisha betri tu.

Kama tarehe iko sawa, andika cmd pale kwenye kutafutia, bonyeza Enter, kitafunguka kioo cheusi. Usikiogope hakiharibu kitu. Andika ping 8.8.8.8 halafu Enter, hiyo ni anwani ya Google. Kisha andika ping google.com. Ukiona Reply from kwenye namba lakini kwenye jina inasema could not find host, tatizo tumelipata, ni DNS. Yaani laptopu ina njia ya kutoka ila imekosa wa kuigeuzia jina kuwa namba, kama vile unamjua mtu kwa jina ila namba yake ya simu huna, utampigiaje? Hapo andika ipconfig /flushdns, na ikigoma nenda kwenye mipangilio ya hiyo waifai, sehemu ya DNS weka kwa mkono 8.8.8.8 na ya pili 1.1.1.1. Mara nyingi inaishia hapo.

Kama namba na jina vyote vinajibu ila brauza ndo inagoma, mi ningeangalia proksi, yaani kompyuta ya kati ambayo brauza inaambiwa ipitie kwanza. Ingia Settings, Network & internet, halafu Proxy, pale penye Use a proxy server pawe pamezimwa. Hizi VPN za bure, zile app za kupitishia intaneti njia nyingine, ambazo watu wanapakua halafu wanazifuta wakati mwingine zinaacha hiyo kitu imewashwa, na shemeji nakumbuka alikuwa anaitumia hiyo laptopu kuangalia mpira, muulize taratibu tu. Antivirusi iliyoisha muda nayo huwa inaziba, izime kidogo ujaribu.

Na kama hata namba haijibu, andika ipconfig uangalie IPv4, yaani anwani ya laptopu kwenye mtandao. Ikianza na 169.254 maana yake ruta haikuipa anwani, laptopu imejipa yenyewe. Sahau hiyo waifai, yaani ile Forget, uiunge upya. Ikikataa bado, fungua cmd kwa Run as administrator, andika netsh winsock reset, zima uwashe. Kuna ile Network reset pia, inayorudisha mipangilio yote ya mtandao upya, lakini iache mwisho, na uandike neno la siri la waifai pembeni kabla, maana litafutika.

Ukikwama popote piga picha hicho kioo cheusi unitumie, usinielezee kwa maneno, nataka kuona inavyoandika. Nipo dukani mpaka jioni. Fundi mwambie asubiri, na kama lazima aishike basi faili ziwe kwenye flashi na flashi iwe kwako.

Nisalimie shemeji na mapacha.

Rafiki yako wa Uyole