Barua kwa mwanangu: kuhusu sumaku isiyo na ncha

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka huku Ujerumani. Baridi ipo, lakini mimi mzima. Mama yako ananiambia umekataa katakata maneno yangu ya juzi, kwamba kuna sumaku isiyo na ncha. Unasema mwalimu wa fizikia amewafundisha kila sumaku ina ncha mbili, na ukiikata unapata nyingine mbili. Hujakosea kubisha, mama. Simu ilikuwa inakatika, sasa sikiliza kwa utulivu.

Chukua kisahani cha pamaloi, yaani aloi ya nikeli na chuma ambayo karibu asilimia 80 ni nikeli. Upana wake mikromita 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), unene nanomita 40 (nanomita ni sehemu moja ya elfu ya mikromita). Ndani yake kila atomu ni kijisumaku, na kila kimoja kinapenda kuelekea alikoelekea jirani yake. Lakini vyote vikitazama upande mmoja, ncha zinajitokeza ukingoni, na uga wa sumaku, yaani nguvu yake inayosambaa pande zote, unamwagika nje na kula nishati nyingi. Basi vinajipinda, vinafuata ukingo hadi vinafunga duara. Pasipo mwanzo wala mwisho, ncha itoke wapi? Hicho ndicho kisulisuli cha sumaku.

Shida iko kitovuni. Duara linavyozidi kubana, majirani wanalazimika kupishana kwa pembe kubwa, jambo wasiloliweza. Kwa hiyo pale katikati wanasimama wima, ama kutazama juu ama chini, kwenye eneo la nanomita kumi na kitu tu. Mwaka 2000 Teruya Shinjo na wenzake nchini Japani walionyesha picha zake: kila kisahani na nukta yake katikati, hiki nyeupe, kile nyeusi. Kwa hiyo mwalimu wako hajashindwa kabisa, maana kuna kincha kidogo juu ya kitovu na kingine chini yake. (Ukitaka kumwambia, mfuate baada ya kipindi. Usimbishie mbele ya darasa.)

Kazi yangu mimi ni kuvitengeneza. Bamba la silikoni linapakwa plastiki, mwale wa elektroni unachora miduara, dawa inaondoa palipochorwa, kisha pamaloi inageuzwa mvuke ndani ya ombwe na kutanda juu ya kila kitu. Halafu bamba linazamishwa kwenye asetoni. Hapo huwa siondoki. Plastiki inayeyuka kwa chini, utando unakunjamana, unajibandua vipande vipande na kuelea huku ukimetameta. Ukiutoa wote, bamba linaonekana kama halina kitu, mpaka uliinamishe kwenye mwanga na rangi zicheze juu ya safu za visahani.

Kisha zamu ya resonansi, yaani kutafuta mawimbi ambayo visahani vinayaitikia. Tunaviweka karibu na mchirizi mwembamba wa dhahabu, tunapitisha mawimbi, tunaangalia ni masafa gani (mitetemo mingapi kwa sekunde) yanamezwa. Uga tunaouweka kutoka nje ukiwa mkali, vijisumaku vyote vinatazama upande mmoja, na kinachomezwa ni masafa ya gigahezi kadhaa, yaani mabilioni ya mitetemo kwa sekunde. Punguza uga polepole. Ghafla alama ile inapotea, na huko chini kabisa, kwenye megahezi (mamilioni kwa sekunde) 300 au 400, inaibuka nyingine: ni kitovu kinachozunguka ndani ya kisahani. Kikitazama juu kinazunguka upande mmoja, kikitazama chini kinazunguka kinyume. Kisahani kinene kinazungusha kitovu chake haraka, kipana kinakizungusha taratibu.

Ukitaka kukipindua kitovu kwa nguvu tupu, unahitaji uga wa kama nusu tesla (tesla ni kipimo cha ukali wa uga). Mwaka 2006 mwanafizikia Bartel Van Waeyenberge na wenzake walikipindua kwa uga unaogeuka-geuka wa militesla 1.5 tu (militesla ni sehemu ya elfu ya tesla), kwa sababu walipatia masafa yake. Hiyo ni sehemu moja ya elfu ya uga wa mashine ya kawaida ya MRI hospitalini, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku.

Umeuliza pia kama kina faida. Wengi husema kumbukumbu za kompyuta, juu iwe 1, chini iwe 0. Mimi hilo halinisisimui sana. Ninalolifuatilia ni la maabara ya Argonne, Marekani: mwaka 2010 walibandika visahani vya aina hii kwenye seli za saratani ya ubongo, wakavitikisa kwa uga unaogeuka-geuka mara makumi machache kwa sekunde, kwa dakika 10, na takriban asilimia 90 ya seli zikafa. Ilikuwa ndani ya vyombo vya maabara, si kwa mgonjwa. Na hapo kukosa ncha kuna kazi yake: uga ukizimwa, visahani havinasani ndani ya maji, kila kimoja kinabaki peke yake.

Msalimie bibi.

Baba yako