Kidonge cha Tezi Kinataka Tumbo Tupu

Mteja mmoja alikuja kwenye dirisha la famasi yetu akiwa amekata tamaa. Alikuwa na miezi minne anameza levothairoksini, kidonge cha homoni kwa watu ambao tezi yao ya shingo haitoi ya kutosha, bila kukosa hata siku moja, lakini kila akipimwa damu anaambiwa homoni haitoshi. Dozi ilishapandishwa mara mbili. Bado alikuwa anasinzia mchana, ngozi imekauka, choo kigumu, na baridi anaihisi yeye peke yake huku wenzake wanajipepea.

Nikamwomba anionyeshe kila dawa anayotumia. Akatoa mkobani kiboksi cha plastiki chenye vijumba saba, kimoja kwa kila siku ya wiki. Ndani ya kijumba cha Jumatatu kulikuwa na vidonge vitatu: kile kidogo cheupe cha tezi, chekundu cha kuongeza damu, na kikubwa cha kalsiamu. "Navimeza vyote kwa pamoja asubuhi, nisije nikasahau," akasema. Nikaliangalia boksi la vidonge vya kuongeza damu. Lebo ilikuwa yetu, kwa mwandiko wetu: asubuhi. Boksi la dawa ya tezi nalo lilikuwa limeandikwa hivyo hivyo. Mama wa watu alikuwa amefuata maelekezo tuliyompa.

Ndiyo maana naandika haya. Wengi huona kidonge hiki ni kidogo, ni cha kila siku, hakina shida. Kweli, ukimeza vizuri hakina shida. Lakini ni dawa nyepesi kuzuiliwa njiani kuliko nyingi tunazouza.

Fikiria kiasi chenyewe. Kidonge cha maumivu cha kawaida kina miligramu 500 za dawa. Kidonge cha tezi cha mikrogramu 100 kina sehemu moja ya kumi ya miligramu moja. Kilichobaki ni unga wa kukipa umbo tu. Kiasi hicho kidogo kikikutana tumboni na madini chuma ya vidonge vya kuongeza damu, au na kalsiamu, hunaswa. Dawa na madini hushikamana vikawa kitu ambacho utumbo hauwezi kukifyonza, na kinachofuata ni kutoka na choo. Dawa za kiungulia zenye alumini au magnesi hufanya vivyo hivyo. Chakula, maziwa, soya na kahawa navyo hupunguza kinachoingia kwenye damu.

Kwa hiyo kimeze kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha ukae nusu saa hadi saa moja kabla ya kula au kunywa kitu kingine. Kahawa isubiri pia, hata isiyo na maziwa. Vidonge vya kuongeza damu, kalsiamu na dawa za kiungulia viachie nafasi ya saa nne. Kama asubuhi zako ni za kukimbizana, zungumza na daktari wako kuhusu kumeza usiku unapokwenda kulala, angalau saa tatu baada ya mlo wa mwisho. Wapo wanaoona usiku ndio unaowafaa. Ukishachagua saa, kaa nayo. Mwili huzoea dozi iliyopimwa kwa mtindo fulani, na ukibadilisha mtindo kila wiki hata kipimo cha damu hakitajua kimwamini nani.

Omeprazoli na ndugu zake, zile dawa za vidonda vya tumbo, ni habari nyingine. Hizo hupunguza asidi ya tumbo kutwa nzima, na kidonge cha tezi kinahitaji asidi ili kiyeyuke vizuri, kwa hiyo kuzitenganisha kwa saa hakusaidii sana. Kinachotakiwa ni daktari ajue unazitumia, apime, arekebishe dozi.

Nirudi kwa yule mama. Tulihamishia vidonge vya damu na kalsiamu mchana na jioni, lakini hatukuishia hapo, na hapa naomba usome taratibu. Dozi yake ilikuwa imepandishwa kwa sababu dawa ilikuwa haiingii. Sasa ikianza kuingia yote, dozi ile ile inaweza kuwa kubwa mno. Tulimwandikia barua aipeleke kwa daktari wake, na alipopimwa baada ya wiki sita, dozi ikateremshwa. Kwa hiyo ukigundua ulikuwa unakosea, rekebisha, kisha mwambie daktari. Usirekebishe kimya kimya.

Dozi ikizidi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, jasho hutoka, usingizi hukimbia, uzito hushuka. Ikizidi kwa muda mrefu, mapigo ya moyo huweza kwenda ovyo na mifupa ikapoteza uimara wake, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo huanzishiwa dozi ndogo na kupandishwa polepole kwa sababu hiyo hiyo. Ukipata maumivu ya kifua au moyo ukaenda ovyo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kwa wanaokuja kuomba dawa hii ili wapungue unene: hatuitoi kwa kazi hiyo, hata mtu akibembeleza vipi. Moyo wako una thamani kuliko kilo.

Jambo linalowachanganya wengi ni karatasi ya majibu. TSH, homoni inayopimwa kwenye damu, ikiwa juu, mtu hudhani dawa imezidi. Ni kinyume. TSH hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza tezi ya shingo ifanye kazi. Homoni ya tezi ya shingo ikipungua, himizo huongezeka, TSH inapanda. Homoni ikizidi, TSH inashuka. Nimekutana na watu waliopunguza dozi wenyewe kwa kusoma namba hiyo kichwa chini.

Usikimbilie kupima pia. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Huchukua kama siku saba kupungua nusu. Dozi ikibadilishwa, damu hutulia baada ya takriban wiki sita, ndiyo maana kipimo hufanyika wiki ya sita hadi ya nane. Kwa sababu hiyo hiyo, ukisahau kidonge siku moja hakuna haja ya kuingiwa na hofu: kimeze ukikumbuka siku hiyo, na kama kesho imeshafika, endelea na cha kesho bila kudabo. Ila ukaaji huo huo ndio unaowadanganya wanaojisikia vizuri wakaacha. Wiki ya kwanza wanaona wako salama, kumbe wanaishi kwa akiba, na uchovu unarudi pole pole bila kubisha hodi.

Kama unameza vidonge vya bayotini vya nywele na kucha, mwambie mpimaji. Vinaweza kuvuruga majibu ya maabara, na kwa kawaida huachwa siku mbili kabla ya kupima. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa huifanya dozi iliyokutosha isitoshe tena. Mtumiaji wa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye afuatiliwe kwa karibu dozi ya tezi inapobadilika.

Dada ukijua umeshika mimba, tafadhali usingoje kliniki ya mwezi ujao. Mahitaji ya homoni hupanda mapema, na katika majuma ya mwanzo mtoto hutegemea homoni ya mama yake. Usiache dawa kwa kuhofia kumdhuru. Kuiacha ndiko kunakoweza kumdhuru. Na ukipewa vidonge vya kuongeza damu, kumbuka zile saa nne.

Kuhusu kiboksi cha vijumba saba, kwa dawa hii hatukipendi sana. Joto, mwanga na unyevu huiharibu, kwa hiyo iache kwenye pakiti yake, mahali pakavu. Na ukiona kidonge cha mwezi huu kimebadilika sura au kiwanda, tuulize kabla hujakimeza.

Ukija kwetu, njoo na mfuko wenye dawa zako zote, hata za mitishamba na za vitamini, pamoja na karatasi ya kipimo cha mwisho. Tunakaa nawe dakika kumi, bila malipo, tunapanga siku yako. Neno "asubuhi" tumeliacha. Siku hizi kila boksi tunaliandikia saa.