Roho na uroho

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Shangazi ametutoka. Najua Salome alishakwambia, lakini nilitaka uisikie na kwangu.

Sijakuandikia tangu uliponiambia umeacha kusali ila hujaacha mambo ya kiroho. Nilikujibu mbiombio kwamba pasipo ibada hakuna roho. Nilikosea, na jibu lile limenikwama kooni miezi yote hii.

Siku za mwisho za Shangazi nililala chini, kando ya kitanda. Kazi yangu ilikuwa kumlowesha midomo kwa pamba na kusikiliza pumzi. Inapanda, inasita, nami naizuia yangu mpaka yake irudi. Muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, alimuuliza habari za maumivu, kisha akamuuliza, "Na rohoni, kuna kinachokulemea?" Nilidhani ni upole wake tu. Kumbe ndivyo wanavyofundishwa: daktari Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's kule London mwaka 1967, hospisi yaani nyumba ya kuwatunza walio karibu kufa, aliyahesabu maumivu ya roho pamoja na ya mwili. Huulizwa mwenye dini na asiye nayo.

Shangazi, asiyekosa ibada, alimtaja dada yake. Unajua walivyoachana. Tukampigia simu. Hawakuombana radhi, waliulizana kama wanapata usingizi. Basi. Usiku ule pumzi ilitulia.

Tangu hapo nalizungusha neno lenyewe kichwani. Kwa Kiarabu, roho na upepo vina mzizi mmoja. Spiritus ya Kilatini nayo ni pumzi. Sisi tukiipachika roho ile u- ya utu na upendo, tunapata uroho, yaani ulafi! Ndiyo maana twasema kiroho, kama tusemavyo kitoto au kizee: namna ya mtu kuwa. Mimi nilikuwa nakudai unionyeshe kitu ulichonacho, wakati nilipaswa kutazama unavyoishi na watu.

Bado nasali, na sitaacha. Usiku zile nisingezimaliza bila sala. Lakini simu ile... siwezi kusema haikuwa ibada.

Wewe unapokaa kimya alfajiri, unamwelekea nani? Au humwelekei yeyote? Ulipoacha kusali, kuna aliyekuumiza, au maneno yalikuishia tu? Mbona sikukuuliza siku ile? Bado una kinyongo nami?

Niandikie, hata mistari miwili. Unapata usingizi?

Wako,
Neema