Risala ya Klabu ya Redio kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama. Karibu Tanga, Mheshimiwa. Husemwa huku waja leo waondoka leo. Sisi tunaomba usiondoke kabla hatujakusimulia habari ya mtu mmoja asiyeona na redio yake.

Muhula huu klabu yetu imesoma historia ya redio za mitaani zilizorusha matangazo bila leseni. Iliyotugusa kuliko zote ilianza Novemba 1987 huko Springfield, jimbo la Illinois, Marekani. Mwanzilishi wake, Mbanna Kantako, aliishi John Hay Homes, nyumba za serikali za watu wa kipato kidogo, na alikuwa katika chama cha kutetea wapangaji. Chama kilitaka kuwafikia majirani, na redio humfikia hata asiyejua kusoma. Basi akafunga mtambo nyumbani kwake.

Mtambo wenyewe ulikuwa wa wati 1 tu, Mheshimiwa. Tungeuweka Ngamiani, labda Makorora wangetusikia, lakini Pongwe wasingeambulia kitu. Kwake ulitosha, maana aliokusudia kusema nao walikuwa mlango wa pili. Wapangaji wakasikia redioni shida zao zikielezwa kwa sauti zao wenyewe, pamoja na waliyotendewa na polisi.

Mwaka 1989 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilimwamuru azime na kumtoza faini ya dola 750. Alizima kwa muda mfupi, akarudi hewani. Wengine wakamfuata katika miji mingine, hata Januari 2000 FCC yenyewe ikaanzisha leseni za redio ndogo zisizozidi wati 100. Kabla mwaka haujaisha, Bunge lao likapitisha sheria ya kuwanyima leseni hizo waliowahi kurusha bila kibali. Waliofyeka njia wakazuiwa kuipita. Hapo, Mheshimiwa, tuliumia sana.

Hata hivyo hatukusudii kurusha kwa kujificha. Masafa yakitumiwa kiholela huingiliana, na meli zinazoingia bandarini kwetu nazo hutegemea redio. Hapa nchini leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na jirani zetu wa Pangani wanayo redio ya jamii, Pangani FM. Kwa hiyo tunajua inawezekana.

Kwa sasa tunatangaza wakati wa mapumziko kwa vipaza sauti viwili vilivyofungwa kwenye mwembe. Kipindi kinachopendwa zaidi ni mahojiano na wavuvi wa Sahare. Mzee mmoja alieleza jinsi baruti ilivyovunja matumbawe aliyoyajua tangu utotoni, na siku hiyo hata waliokuwa wakicheza mpira walisimama kusikiliza. Lakini tulimrekodi kwa simu, na upepo wa bahari ukameza nusu ya maneno yake.

Kwa heshima kubwa tunakuomba, Mheshimiwa, utusaidie kupata vinasa sauti viwili na maikrofoni zake, pamoja na nauli ya wanaklabu kwenda Pangani kujifunza kwa siku moja. Mzee wa Sahare tumekwisha kumwahidi kwamba tutarudi.

Tunaomba kuwasilisha.