Makumbi tusiyachome

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji anayetaka makumbi ya nazi yakusanywe Pemba nzima, yachomwe, yatupe umeme. Nia yake njema, ila mimi naona kaanzia mwisho. Umeme tunaletewa kwa waya uliolala chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na jua tunalo la kumwaga. Tunachoagizia nje ni kemikali. Basi badala ya kuyachoma makumbi tupate umeme, tuyapitishie umeme tupate kemikali.

Kumbi lina lignini nyingi, ile gundi inayoukaza mti. Ikiyeyushwa katika maji yenye kostiki, ya kutengenezea sabuni, vikatumbukizwa vipande viwili vya nikeli na kupitishwa umeme, kwenye ncha chanya lignini huvunjika, na miongoni mwa vinavyopatikana ni vanilini, harufu ya aiskrimu. Kwenye ncha hasi hutoka haidrojeni, nayo ni fueli. Wapemba na vanilini ni jamaa: zamani viwanda viliitengeneza kwa eujenoli, hiyo hiyo iliyojaa katika mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yetu ya Wawi hapa Pemba.

Sisemi ni kazi nyepesi. Vanilini inayotoka ni kidogo ukilinganisha na lignini iliyotiwa. Nyingine hubaki tope, au huganda juu ya nikeli mpaka umeme ukashindwa kupita, na kuitenga vanilini na mchanganyiko ule ni gharama. Kwa hiyo sidai kiwanda. Nadai meza moja ya maabara pale SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, paneli ya jua, vijana wawili watatu wenye subira na gunia moja la kujaribia.

Gunia lenyewe lisitolewe kwenye makumbi ya kina mama. Kumbi linalofukiwa pwani kwa miezi ndilo usumba, usumba ndio kamba, na kamba ndiyo madaftari ya watoto. Lakini wakiyaponda, huanguka unga wa rangi ya kahawia ambao hakuna anayeuokota. Huo una lignini tele. Uoshwe vizuri tu, maana chumvi ya bahari ikipitishiwa umeme huzaa klorini na kuharibu kazi yote.

Na kina mama wasiambiwe wautoe bure eti kwa kuwa ni taka. Upimwe kwa kilo, walipwe papo hapo, kama tunavyouza karafuu.

Msomaji wako,
Mkoani, Pemba